Usukani unashika katikati: uzi wa kubadilisha gololi na koni za shingo kwenye pikipiki za zamani

Chuma cha Kale

Wakuu, habari za majukumu.

Kila wiki anaingia mtu humu na pikipiki ya miaka ya 60 au 70, analalamika kwamba chombo kinatangatanga barabarani, na jibu analopewa ni lile lile: kaza nati ya usukani. Nafungua uzi huu kwa sababu jibu hilo linaharibu mashine nzuri, na linaweza kumwangusha mtu. Kukaza hakuzibi shimo. Shingo ni ile bomba ya mbele ya fremu ambamo mhimili wa usukani unapita; juu na chini yake kuna beringi, yaani gololi (tufe ndogo za chuma) zinazobingirika kati ya kikombe kilichobanwa kwenye shingo na koni iliyo kwenye mhimili. Kama gololi zimeshachimba njia zake, dawa ni kubadilisha, basi.

Tuanze na kupima. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, weka kigogo au jeki chini ya injini mpaka gurudumu la mbele liachane kabisa na ardhi. Shika ncha za usukani kwa vidole viwili viwili tu, bila nguvu, uuzungushe taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ukifika pale gurudumu linapoelekea mbele moja kwa moja, sikiliza mikono yako. Beringi nzima hupita hapo kama hakuna kitu. Beringi iliyokwisha huingia kwenye kishimo, inatulia, na ukitaka kuitoa lazima usukume kidogo. Hiyo ndiyo dalili kubwa. Dereva anaposafiri huwa anarekebisha usukani kwa vipimo vidogo mno bila hata kujua. Beringi yenye kishimo inamzuia kufanya hivyo: usukani unakataa, halafu unaruka kupita kiasi, anarudisha, unaruka tena. Ndiyo maana pikipiki inatangatanga, hasa kwa mwendo wa pole.

Kipimo cha pili ni cha kulegea. Kaa chini mbele ya gurudumu, shika miguu ya shokapu karibu na ekseli, vuta na kusukuma. Ukisikia "tok", usikimbilie kuhukumu shingo, kwa sababu shokapu za zamani zenyewe hucheza ndani kwa bushi kuisha. Mwambie mwenzako asukume wakati wewe umeweka ncha ya kidole kwenye ule mwanya kati ya bamba la chini (lile linaloshika shokapu na mhimili) na shingo ya fremu. Kidole kikibanwa na kuachiwa, ni beringi. Kidole kikitulia na "tok" ikaendelea, tafuta kwenye shokapu.

Sasa kwa nini vishimo vinakaa pale pale katikati? Beringi ya gurudumu inazunguka mizunguko kamili, kwa hiyo grisi inasambaa na mzigo unagawanyika. Ya usukani haizunguki. Maisha yake yote inacheza nyuzi chache kushoto na kulia huku ikipigwa na kila shimo la barabara. Grisi inasukumwa pembeni ya mguso, haipati nafasi ya kurudi, chuma kinasugua chuma kikavu, unatoka unga mwekundu kama kutu, na unga huo unasaga zaidi. Watu wengi wanadhani ni pigo moja kubwa la shimo la barabara ndilo lililochimba. Pigo kubwa linaweza, lakini mara nyingi ni mtikisiko mdogo wa muda mrefu. Miaka ya 1930 kule Marekani, magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni kutoka Detroit yalikuwa yakifika na alama kwenye beringi za magurudumu, na hayakuwa yametembea barabarani hata kidogo. Mtikisiko wa behewa ulitosha. Kwa hiyo hata pikipiki iliyokaa stoo miaka mingi na kubebwa kwenye malori inaweza kuwa na shingo mbovu ingawa kilomita zake ni chache.

Kufungua. Toa betri na tangi kwanza, hata kama unaona kuna nafasi. Piga picha ya nyaya za nyuma ya taa kabla hujachomoa hata moja. Kama una breki ya diski, kalipa (kile kifaa kinachobana diski) ining'inizwe kwa waya, isiachwe ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Usukani mzima unaweza kuulaza nyuma juu ya kitambaa kinene bila kufungua kebo. Kisha gurudumu, madigadi, shokapu zote mbili, na bamba la juu.

Kabla hujagusa nati ya marekebisho, chukua rula upime mwanya kati ya bamba la chini na shingo, uandike. Nitaeleza baadaye umuhimu wake.

Nati yenyewe ni ile ya duara yenye mikato. Ina spana yake ya ndoano. Tindo na nyundo zinaiharibu mikato, na nati iliyoliwa mikato huwezi tena kuirekebisha kwa usahihi, na usahihi ndio kazi yote hapa. Tandika shuka au sinia pana chini, kwa sababu kwenye mashine nyingi za zamani gololi hazina keji (fremu ya kuzishikilia), ziko huru. Shikilia bamba la chini kwa mkono mmoja huku unafungua kwa mwingine, ulishushe polepole. Gololi za chini zitamwagika, za juu zitabaki zimenasa kwenye grisi.

Zihesabu, lakini usiamini hesabu hiyo peke yake, maana huenda fundi aliyetangulia alipoteza moja. Angalia kitabu cha modeli yako. Honda CB750 ya kwanza, ile ya 1969, inabeba gololi 37 za robo inchi, yaani milimita 6.35: juu 18, chini 19. Triumph Bonneville ya 650 kabla ya 1971 ina 20 juu na 20 chini za kipimo hicho hicho. Ukishazipanga kwenye kikombe lazima ubaki mwanya mdogo usioweza kuingiza gololi nyingine. Zikijaa hadi kubanana, zinasuguana zenyewe kwa zenyewe. Na ubadilishe zote kwa pamoja, za pakiti moja. Gololi mpya mbili tatu kati ya za zamani zitabeba mzigo peke yake kwa sababu ni kubwa kidogo kuliko zilizochakaa.

Kutoa vikombe ndipo watu wanapopata jasho. Ingiza chuma kirefu chenye ncha bapa kutoka upande wa pili wa shingo, tafuta ukingo wa kikombe kwa ndani, gonga upande huu, kisha upande wa pili, kidogo kidogo, ili kitoke sambamba. Kikienda mshazari kinakwangua shingo, na shingo ikikwanguka kikombe kipya hakitashika. Koni ya chini iliyobanwa kwenye mhimili inanyanyuliwa kwa patasi mbili nyembamba zinazotazamana. Ikikataa, ikate kwa grinda karibu ya kuisha, acha ganda jembamba, halafu ipasue kwa tindo. Usiuguse mhimili kwa diski.

Na kabla ya kufunga koni mpya ya chini: MPIRA WA VUMBI na washa (pete bapa) yake vinatangulia. Usipoviweka sasa, utalazimika kuitoa tena ile koni uliyoibana kwa shida.

Kufunga. Vikombe vipya vilaze kwenye friza usiku kucha. Shingo ipashe joto kwa hita ya hewa moto mpaka tone la maji lichemke juu yake. Chukua kikombe cha zamani, kipasue mkato mmoja kwa grinda ili kisinase ndani, kigeuze kiwe kifaa chako cha kusukumia. Gonga na usikilize. Mlio wa nyundo ni mzito na butu wakati kikombe bado kinashuka. Kikigota chini unabadilika ghafla, unakuwa mkali. Sikio litakwambia kabla ya jicho. Halafu chungulia kwa tochi, kusiwe na mwanga unaopenya chini ya kikombe sehemu yoyote. Kikombe kilichobaki nywele moja hakijagota kitashuka chenyewe barabarani, na usukani utalegea ndani ya siku chache.

Koni ya mhimili iweke kwenye oveni kwa nyuzi 100 hivi. Usiichome kwa moto wa gesi, chuma cha beringi kikizidishiwa joto kinapoteza ugumu wake. Ikiwa ya moto inateleza yenyewe. Ikibidi kugonga, tumia bomba linalogusa ukingo wa ndani tu.

Grisi iwe ya ugumu wa namba 2, isiyooshwa na maji, na iwe nyingi. Safisha ile ya zamani yote kwanza, maana grisi za asili tofauti zikichanganyika zinaweza kuwa uji na kukimbia. Gololi zibandike kwenye grisi moja moja, pandisha mhimili, funga kwa mkono.

Kurekebisha nitaeleza kwenye majibu, nimeshaandika kirefu. Karibuni.

Nuru Spana

Asante sana mkuu, nimesoma neno kwa neno. Swali langu: kuna fundi kaniambia nisinunue seti mpya, nizungushe tu vikombe kwenye shingo ili vishimo vihame pale katikati. Hiyo inafaa?

Chuma cha Kale

Dada Nuru, wazo hilo lina mantiki, ila fanya hesabu. Kikombe chenye gololi 18 kina vishimo 18, kimoja kila nyuzi 20. Ukikizungusha nyuzi 10, gololi sasa zinakaa kati ya kishimo na kishimo, katikati panakuwa laini. Lakini gololi husafiri nusu tu ya pembe unayogeuza usukani. Ukikunja nyuzi 20, gololi imekwenda 10, na hapo inaangukia kishimo. Umekitoa kwenye mstari ulionyooka ukakipeleka kwenye kona ya taratibu, wakati pikipiki imelala na gurudumu la mbele linahitaji uhuru kuliko wakati wowote. Isitoshe, koni zenyewe zina vishimo vyake. Nunua seti.

Fundi Mstaafu

Vijana, naona hakuna aliyezungumzia beringi za rola. Siku hizi kila mtu anaambiwa atupe gololi aweke rola za koni, yaani vipande vya mviringo mrefu vilivyochongoka upande mmoja. Mimi sikubaliani na hilo kwa kila mashine. Gololi zinasamehe. Fremu ya zamani iliyowahi kuanguka, au ambayo shingo yake haikukatwa sawasawa kiwandani, vikombe vya juu na chini havitazamani kikamilifu. Gololi itajitafutia njia. Rola ina mstari mrefu wa mguso, inataka nyuso zilizo sambamba. Ukiiweka kwenye shingo iliyopinda, inabeba mzigo upande mmoja tu, na usukani unakuwa mzito upande huu na mwepesi upande ule. Kwa pikipiki nyepesi yenye fremu ya bomba jembamba, gololi nzuri na grisi nzuri zinatosha.

Chuma cha Kale

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye shingo iliyopinda nakubaliana nawe kabisa, na ni jambo ambalo wauza vifaa hawalisemi. Ila kwa mashine nzito bado nasimama na rola. Huo mstari mrefu wa mguso ndio unaogawa pigo ambalo gololi inalibeba kwenye nukta moja. Henry Timken alipata hataza ya beringi ya rola za koni mwaka 1898, na aliifikiria kwa mabehewa ya farasi yaliyokuwa yakibeba mzigo wa juu na wa pembeni kwa pamoja, mzigo ule ule unaopata shingo ya pikipiki. BMW waliziweka kwenye pikipiki zao za mfululizo wa /5 mwaka 1969, na Triumph nao wakahamia huko kwenye fremu mpya za 650 za 1971. Hawakufanya hivyo kwa kufuata mkumbo.

Na hapa ndipo kile kipimo cha rula kinapohitajika. Kimo cha seti ya rola si lazima kilingane na cha gololi. Bamba la chini linaweza kukaa chini au juu zaidi kwa milimita kadhaa. Matokeo yake: kufuli ya usukani haingii tundu lake, vizuizi vya kukunjia vinagusana vibaya, au nati ya juu inakosa nyuzi (hesi) za kutosha za kushika. Ukiwa na kipimo cha awali unajua papo hapo kama seti uliyonunua ni ya mashine yako. Nyuzi zikiwa hazitoshi juu, usiendelee kufunga.

Mzee, na wote mnaosoma: shingo inayotiliwa shaka ipimwe kabla ya kukamilisha kufunga rola. Vikombe vikishakaa, ingiza mhimili bila grisi, kaza kidogo kwa mkono, zungusha. Ukiona uzito unabadilika sehemu mbili zinazotazamana, shingo haiko sawa.

Welda 4T

Mimi nachomelea, kwa hiyo niongezee kwenye kutoa vikombe. Kuna fremu ambazo kikombe kimezama hakina ukingo wa kugonga. Piga mstari mmoja wa welding kuzunguka ndani ya kikombe, pale gololi zinapopita. Welding ikipoa inajikunja, kikombe kinapungua kipenyo, mara nyingi unakitoa kwa kidole. Lakini tangi liwe nje ya chumba, si pembeni tu, betri imetolewa, grisi yote imefutwa maana inawaka, na klempu ya arthi (waya wa kurudisha umeme wa welding) ibanwe kwenye shingo penyewe. Ukiibana kwenye ekseli ya nyuma, umeme utapita kwenye beringi zote za njiani na kuzichoma.

Chuma cha Kale

Hili la arthi naomba kila mtu alisome mara mbili. Shukrani Welda.

Kebo ya Klachi

Wakuu, nimefunga rola mpya kwa kufuata uzi huu. Nikirekebisha nati ya mikato usukani unakuwa mwepesi safi kabisa. Nikifunga bamba la juu na nati kubwa, unakuwa mzito kama umekaukiwa grisi. Nimefungua, kila kitu kiko sawa. Tatizo nini?

Chuma cha Kale

Hakuna kilichoharibika mkuu. Nyuzi za nati na za mhimili zina uwazi kidogo. Nati kubwa ya juu inapokazwa inauvuta mhimili juu, uwazi ule unakwisha, na beringi zinabanwa zaidi ya ulivyoziacha. Kwa hiyo marekebisho yanayohesabika ni yale unayoyapima baada ya nati ya juu kukazwa.

Fuata mpangilio huu. Shokapu ziwe zimeshikwa kwenye bamba la chini, ila bolti zinazozibana kwenye bamba la juu ziwe legevu. Zikiwa zimekazwa, bamba la juu linang'ang'ania miguu na mhimili hauwezi kusogea. Kaza nati ya mikato mpaka uhisi upinzani wa wazi, kunja usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi ili rola zikae kwenye njia zake na grisi ya ziada itoke. Legeza kabisa. Kaza tena polepole mpaka uchezaji (kule kulegea) uishe. Kwa gololi, ishia hapo hapo uchezaji unapoisha. Rola zinataka kubanwa kidogo zaidi ya hapo, kidogo sana. Sasa kaza nati ya juu kwa kipimo cha kitabu, ndipo upime. Ukikuta mzito kama ulivyokuta, fungua ya juu, rudisha ya mikato kwa upana mdogo kuliko mkato mmoja, kaza ya juu, pima tena. Ni kazi ya kurudia na haina njia ya mkato.

Kupima: gurudumu likiwa hewani, weka usukani katikati, usukume kwa kidole kidogo tu. Unatakiwa uanguke upande wenyewe, taratibu, bila kusita popote. Ukibaki pale ulipouacha, umekaza mno. Rola zilizokazwa mno zinaleta kule kule kutangatanga ulikokukimbia, na watu wanarudi kulaumu rola. Ukianguka kwa kishindo na kudunda kwenye kizuizi, bado umelegea. Angalia pia kebo na nyaya zisiuvute usukani upande mmoja, maana zitakudanganya.

Usukani ukishakuwa sawa ndipo ukaze bolti za shokapu za bamba la juu.

Nuru Spana

Na baada ya hapo inatakiwa kuangaliwa tena lini?

Chuma cha Kale

Baada ya kilomita mia chache za kwanza dada, bila kukosa. Vikombe vinajikalia vizuri zaidi, grisi inajipanga, na uchezaji mdogo hujitokeza hata kwenye kazi safi. Huhitaji kubomoa: inua gurudumu, rudia kile kipimo cha kidole kwenye mwanya wa bamba la chini, legeza nati ya juu na bolti za shokapu za bamba la juu, sogeza ya mikato kidogo, funga, pima. Baadaye fanya hivyo kila unapobadilisha tairi la mbele, kwa kuwa gurudumu litakuwa limeshatoka. Na breki ya mbele ikianza kugonga unapoishika kwa mwendo mdogo, usisubiri tairi liishe.